Kibuyu cha Yeyo Kilichooshwa kwa Sabuni

Shuleni, Chome

Mpendwa Dada Resian,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kiteto, wewe, shemeji na wanangu, na kwamba ng'ombe wamepata majani. Mimi sijambo, ila baridi ya huku milimani haina adabu. Baba na Koko niliwaacha salama Kisiwani. Koko analalamikia magoti kama mabibi wote, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote.

Dada, nimekukumbuka mno, na safari hii sababu ni maziwa.

Mwalimu Rodgers wa baiolojia ameanzisha klabu ya bayoteknolojia. Usiogope jina, ni kazi ya kufuga vijidudu visivyoonekana kwa macho, nami nilimwambia kwetu kufuga hatufundishwi. Alitaka kila mmoja alete kutoka kwao kitu kinachochacha. Wengi walileta togwa. Eliamini alileta dengelua, pombe ya miwa, akarudishwa nayo getini. Mimi nilimbembeleza Koko hadi akanipa kibuyu cha Yeyo, kile mama alichogandishia maziwa, ambacho hakuna aliyekigusa tangu tumzike. Mwalimu alisema huenda kwenye ukoko uliokauka ndani mbegu ya maziwa ya mama bado imelala. Tukakwangua kidogo, tukatia kwenye chupa za maziwa yaliyochemshwa na kupozwa.

Kesho yake rafiki yangu Dorkas, mtoto wa wakulima wa hapa hapa, aliona kibuyu kinanuka moshi akanihurumia. Alikisugua kwa sabuni na maji ya moto, akaniletea huku anatabasamu. Angejuaje kwamba chetu husafishwa kwa kijinga cha moto cha mti wa oloirien, na sabuni hakiijui? Nililia mpaka naye akalia. Koko hajui habari hizi, tafadhali usimwambie.

Zikabaki zile chupa tu, na kwa baridi hii zikaharibika moja baada ya nyingine. Ya mwisho Dorkas aliiviringishia sweta lake akawa analala nayo, akisema kosa lake atalilea mwenyewe. Ikaganda, dada! Sasa kila mara tunahamisha kijiko kimoja kwenye maziwa mapya ili mbegu isife.

Siku ya kuonja walinizunguka wote. Mwalimu akauliza kama ndiyo yenyewe. Nikasema ndiyo, wakapiga makofi, na Dorkas akanikumbatia kama aliyesamehewa.

Dada, nikwambie nisilomwambia mtu. Sijui. Nilipoonja nilimsubiri Yeyo anijie, hakuja. Alipofariki nilikuwa mdogo, na ladha ya maziwa yake imenitoka kinywani kama sauti yake ilivyonitoka masikioni. Huenda ni yake, huenda ni vijidudu vya Chome tu. Koko tangu msiba hagusi mgando. Umebaki wewe, uliyeyanywa mpaka siku ya kuolewa.

Nakuomba uje likizo hii. Kuyatuma kwa gari siwezi, yataharibika njiani, ila nitaendelea kuyalisha hadi ufike. Ukionja ukaona siyo, usinifiche, nitayamwaga mwenyewe. Ukiona ndiyo, usiseme kitu. Kunywa tu, nami nitakuangalia usoni, nimwone mama.

Mbusu kila mtoto kwa niaba yangu, na shemeji mpe heshima zake. Dorkas anakuamkia, ingawa anakuogopa.

Mdogo wako anayekungoja,
Naserian