Siungi Mboga, Mama

Bangwe, Kigoma
12 Juni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mguu umepoa, na dagaa wako wanapata jua la kutosha. Ritha mdogo wangu, najua ndiwe unayemsomea mama. Soma yote, usiruke. Mimi sijambo, nakula vizuri mpaka gauni la kanisani limeanza kunibana.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huniachii nafasi, mama. Nikivuta pumzi tu, umeshahamia habari nyingine. Ndivyo ilivyokuwa mwaka jana nilipokwambia kwamba nimepata pa kujifunza kuunga, kwa Fundi Meshack. Ulipiga vigelegele, ukasema kuunga mboga hata wewe ungenifundisha, ila huko mjini nitajua mapishi ya hotelini. Nikacheka, nikaacha ipite. Wiki iliyofuata ukanitumia mwiko mrefu na dumu la mawese, nikaona haya kukusahihisha.

Sasa Ritha ananiambia umemwahidi Mama Honorata kwamba mimi ndiye nitakayepika pilau ya harusi ya Honorata, na jumuiya nzima inajua. Hapo niliogopa kweli. Unaukumbuka ugali wangu, mama.

Ninachounga ni vyuma. Karakana ya Fundi Meshack iko karibu na ufuko hapa Bangwe, tunachomelea mageti, madirisha na vyuma vya kushikia injini za boti. Miezi ya mwanzo Fundi alikuwa akigonga kazi yangu kwa nyundo inaachia, ananiambia nianze upya. Nilinuna, kisha nikaanza upya. Navaa glavu na kinga ya uso yenye kioo cheusi, kwa hiyo usianze kulilia macho yangu. Siku nyundo ilipogonga na chuma kikakataa kuachia, nilifurahi hadi nikaimba peke yangu.

Fundi anataka nibaki kama fundi wake. Nimemwomba asubiri mpaka nipate radhi yako. Ukikataa nitarudi Ilagala, sitakuvunjia neno, lakini nitakuwa nimeacha kazi ninayoipenda kwa moyo wote.

Kuna lingine. Ile chanja ya chuma niliyokuletea Pasaka, ya kuanikia dagaa, nilikudanganya kwamba nimeinunua. Uliipapasa kona zote nne, ukaitikisa, ukasema aliyeiunga ana kipaji cha Mungu. Ukamwombea mikono yake isikose kazi mpaka uzeeni. Ritha akaitikia amina, mimi nikainama nikijifanya nafunga kiatu. Mama, ulikuwa unaniombea mimi.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na Mama Honorata umwambie harusini nitakuja na majiko matatu ya chuma niliyoyatengeneza mwenyewe. Mwiko nitamkabidhi atakayepika.

Mungu akutunze.

Mwanao akupendaye,
Yusta.
Ukikubali, barua ijayo nitaandika Fundi Yusta.