Mfuko wa Mkojo Nilioulaza Kitandani

Wewe, acha hicho unachofanya usome. Nimemponza kaka.

Si alitiwa mpira wa mkojo? Juzi wakwe zake walipokuja wodini akaninong'oneza, "Mdogo wangu, nisitiri." Nikautoa mfuko ulikotundikwa chini ya kitanda, nikaulaza tumboni kwake, nikafunika shuka. Mkwe mmoja akauliza kilichovimba ni nini. Nikamwambia kaka ana mimba ya tikiti. Tulicheka! Nikausahau huko huko hadi jioni, nesi wa zamu alipoukuta.

Leo kaka anatetemeka kwa homa. Ananiita mama. Mimi, na ndevu zangu hizi, ananiita mama!

Nesi mkubwa akawaita wenzake pale kitandani awafundishe. "Jamani, mfuko ukipanda juu ya kiuno, mkojo unarudi kibofuni na vijidudu vyake. Aliyeupandisha nani?"

Nesi mmoja, mgeni hapa wodini, akaanza kulia. "Dada, labda mimi, nilipobadilisha shuka."

Nikasema, "Ni mimi."

Wakacheka! Wiki nzima nimewaambia nilizaliwa na meno, kwamba niliwahi kumng'ata chui. Nikarudia, "Ni mimi, wallahi."

Nesi mkubwa akanikazia macho. "Babu, leo si siku ya hadithi. Usimkingie kifua. Makosa haya yanaua."

Binti wa watu ameandikwa jina kwenye kitabu cha makosa. Kaka hali wala hanywi.

Njoo asubuhi unisemee wewe. Mimi hawaniamini tena, hata nikisema kweli.