Mke Mwenzangu, Nilikunyima Utani

Mpendwa mke mwenzangu Koleta,

Maneno ni yangu, mwandiko ni wa mama yako. Mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na kuni. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinipambe.

Tangu umejua kusema tuligombania babu yako, bibi na mjukuu, kama wanavyofanya wote kwetu. Mwenyewe alikuwa ameshakufa, lakini hatukumwacha apumzike. Ukichelewa kuamka nagonga mlango: "Mke mdogo, unalala hivyo, mume atakula nini?" Nawe huko ndani: "Ajuza, katafute meno yako kwanza, mume ni wangu!" Asubuhi yangu ilianzia hapo. Chai ilikuja baadaye.

Halafu goti likavimba. Tukadhani umeanguka shambani, tukakukanda kwa maji ya chumvi. Mliporudi kutoka Tabora, mama yako aliniita nyuma ya nyumba akaniambia walichosema madaktari: saratani, imo ndani ya mfupa. Tangu siku hiyo nikakuita "mwanangu". Pole mwanangu, kula uji mwanangu. Nilidhani ndiyo heshima ya mgonjwa. Hakuna aliyekutajia jina la ugonjwa, ila ulijua. Ulijua kwangu mimi. Bibi akiacha kumtania mjukuu wake, si ni kama amekwisha kumzika?

Ndipo ukaomba nikusukume kwa baiskeli mpaka Makanyagio, kwenye banda la video. Nikasema mimi na video wapi na wapi. "Wewe nisukume tu, bibi." Tukakaa kwenye benchi, jenereta inapiga kelele nje, mwenye banda kasimama mbele anatafsiri Kizungu. Kwenye ule mkanda kijana mmoja anaumwa sana, kichwani hana unywele hata mmoja, na wenzake wamekuja hospitali kumcheka. Mmoja anajitazama kwenye ule upara kama kioo, anachana nywele zake! Mgonjwa naye anacheka mpaka anakohoa. Nikasimama.

"Nyie hamna adabu! Mtu anaumwa mnamcheka? Hamna mama nyie?"

Banda zima likaangua kicheko. Mwenye banda akasema, "Kaa, bibi, hao hawakusikii."

Wewe hukucheka. Ulinivuta khanga. "Umeona anavyofurahi? Mimi hunisemi tena. Unaniogopa, bibi?"

Nilisukuma baiskeli mpaka nyumbani nikitazama tairi tu. Nikajiambia nitamjibu kesho. Kesho ikaja, nikasema kesho. Ukapanda treni kwenda kukatwa mguu. Nimeshika dirisha, mdomo umejaa matusi mazuri niliyokuandalia, na nilikuambia nini? "Mungu akulinde, mwanangu." Ulinitazama, ukageuza uso ndani.

Hukumaliza hata wiki baada ya kisu. Ulirudi kwa treni ileile, ndani ya sanduku. Msibani watu walinitazama mimi, maana bibi ndiye wa kuziba njia ya kaburi na kumsema marehemu, watu wacheke huku wanalia. Nilikaa mkekani kama gunia. Hapo nikakunyima utani tena.

Sasa naamka, mlango wa kugonga hakuna. Majirani wananiamkia vizuri sana. Shikamoo bibi, pole bibi. Adabu yao itaniua. Juzi nilimwambia mama wa nyumba ya pili kwamba mboga zake zinanuka soksi, ili anijibu tu. Akasema, "Nisamehe, bibi." Nikaingia ndani nikalia.

Basi leo nasema, na mama yako aandike, asiruke neno.

Koleta, wewe ni mwizi. Umenitangulia kwa mume wangu, tena kwa mguu mmoja, mimi mwenye miwili nimebaki huku nachambua maharage! Usimpikie ule ugali wako wa mabonge, atatukimbia wote wawili. Na hiyo sehemu uliyokaa karibu naye usiizoee. Nikifika unahama.

Mama yako kalamu imemdondoka. Anacheka, kamasi zinamtoka, sijamsikia akicheka tangu tukuzike. Namsubiri ajifute amalizie.

Nimekaa kimya sasa, Koleta. Zamu yako.

Bibi yako,
mke mkubwa