Soketi za Boksi Jekundu

Kitengela, Jumamosi, Agosti 1998

Na bado shemeji anasema ni mimi niliizungusha soketi vibaya!

Pale dukani Kajiado nilikuwa nimeshika seti niliyoitaka: soketi kumi na mbili tu, nzito, za pembe sita, zinazobana nati vizuri. Akanipokonya. "Shemeji, chukua hii ya boksi jekundu. Iko na vipande arobaini, na vinang'aa! Wewe unajua nini mambo ya gari?" Muuzaji akacheka. Mimi, ninayetengeneza pikapu hii mwenyewe tangu mume wangu apelekwe kazi Loitokitok, nikalipa.

Leo nilikuwa nabadilisha breki. Bolti ya kwanza tu, soketi ikapasuka kama kikombe cha udongo. Bolti imelika pembe zote, haishikiki tena. Vidole vimechubuka.

Nilimrushia shemeji boksi lote miguuni. "Basi fungua wewe, mwanaume." Akajaribu, akatokwa jasho, akakumbuka ana safari ya Ngong.

Kinyaa kitupu. Lakini kosa si lake tu. Jumatatu mama, niliyekuwa nimpeleke kwa pikapu hii, atapanda basi kwenda kliniki na mguu wake mbovu, kwa sababu niliona haya kusema "sitaki" mbele ya muuzaji.