Shemeji Yako Kasaini Hewa Isiyokuwepo

Shoga, upo? Siamini. Shemeji yako karudi sasa hivi, kakaa jikoni na buti zake, hata maji hataki.

Si unajua kazi yake ni kupima hewa kule chini mgodini? Leo kafika mwisho kabisa, wanakochimba makaa, kainua kipimo. Kile kifeni chake kinachozungushwa na hewa hakizunguki. Kapima mara tatu, hakizunguki! Na kipimo cha gesi kinalia.

Kapanda juu mbio, kamwambia msimamizi, "Usishushe watu, hewa haifiki." Unajua kajibiwa nini? "Andika ya jana." Ya jana, shoga!

Kabisha. Msimamizi kachukua daftari, kajaza mwenyewe, kamsogezea kalamu: "Saini, au kazi huna."

Kasaini. Mume wangu kasaini.

Zamu ya mchana ikashuka anaona. Mdogo wangu alikuwemo, kampungia: "Shemeji, baadaye!" Naye kampungia.

Nimemwambia rudi ukawatoe. Kanijibu, "Nani atanisikiliza? Saini ni yangu."

Nimepiga simu ofisini mwenyewe. Kapokea msimamizi yuleyule. Kanisikiliza mpaka mwisho, kwa upole kabisa, kisha kasema, "Mama, hewa ni nzuri. Kathibitisha mumeo."