Barua Iliyolala Chini ya Chupa ya Chai

Utete, Jumatano

Eti nimkagulie fomu! Bwana Kilua, bosi wangu, ambaye barua yangu ya kuomba chuo ameikalia tangu kabla ya Ramadhani. Mtumishi haombi ila kupitia kwa mkuu wake wa kazi, na leo nimeiona chini ya chupa yake ya chai, haina hata muhuri. Maombi yanafungwa Ijumaa.

Fomu yake yeye ilikuwa tayari. Uzamili wa biashara miaka miwili, kisha wa sheria miaka miwili.

"Dada Tatu, wewe ndiye bingwa wa hesabu. Iko sawa?"

Chuo hicho hicho kinafundisha zote mbili kwa pamoja, na masomo yanayofanana unayasoma mara moja tu. Miaka mitatu. Ndivyo nilivyoomba mimi.

"Sawasawa kabisa, bosi. Minne."

Kesho naacha kazi. Kamba wakavu ninaouza wananilipa kuliko serikali, na asiye na mkuu hapitii kwa mtu. Naogopa, sikatai. Nikikosa chuo, kazi hairudi.

Lakini nikipata, siku ya mahafali yangu yeye atakuwa amebakiza mwaka mzima. Kadi ya mwaliko nitamwandikia kwa mkono wangu, na nitaipitisha kwa mkuu wake wa kazi.