Matone ya Leo na Matone ya Jana

Jumatatu, 3 Machi
Matone yameungana! Mawili yamekutana chini ya hadubini, yakawa moja — bila hata kujuliana hali. Ni protini tunazozichunguza maabara, zinajikusanya ndani ya seli kama mafuta juu ya supu. Hakuna ukuta, hakuna mlango. Kazi ikiisha, zinatawanyika. Zikikawia, zinaganda, na seli ya neva inakufa polepole. Ndipo ugonjwa unapoanza: vidole kwanza, kisha mkono mzima.

Nimemweleza Baba mezani. Akasema ni kama wazee wa kikao, wakikaa sana wanagandana na viti. Nimecheka mpaka chai ikanipalia. Yeye ameangusha kijiko. Tena.

Jumatano, 5 Machi
Baba, fundi cherehani tangu sijazaliwa, leo ameniita nimtungie uzi. Eti sindano za siku hizi matundu yake madogo. Sindano ile ile! Nikamwambia twende hospitali. Akasema ana suruali ya mteja, hana nafasi ya kuumwa. Mbishi! Sijui nami ubishi nimeutoa wapi.

Alhamisi, 6 Machi
IMEFANYA KAZI! Nimeyatia matone dawa yetu mpya, nikakifumbata kiganjani kioo chenye matone hayo kisiniponyoke, nikakimbia nacho hadi chumba cha hadubini, mwisho wa korido. Kuchungulia — hayapo! Yameyeyuka yote! Nimemkumbatia hata mfagiaji, na ndoo yake.

Bosi tunamwita Bi Rudia, maana neno lake ni hilo tu. Amechungulia, akavua miwani. Rudia! Roho mbaya. Mimi akilini nilishamwona Baba akitunga uzi mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu. Bi Rudia amenipa kioo cha matone yasiyo na dawa hata chembe, akaniamuru nikifumbate nitembee korido nzima kama jana. Nikatembea. Matone hayapo! Kumbe ni joto la kiganja changu tu. Maabara yote sasa wananiita Kiganja. Mfagiaji naye.

Kisha akaleta matone yaliyolala tangu jana, yakaganda. Nikafumbata mpaka jasho likanitoka. Wapi! Ya leo yanayeyuka hata kwa kiganja, akasema, kazi yetu ni ya jana. Hakuwa anatania tena. Jumatatu tunayatia dawa hayo.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemsimulia Baba mkasa wa kiganja, amecheka mpaka machozi. Halafu akasema Jumatatu tupitie kwa daktari. Mwenyewe! Bila kusukumwa! Ubishi wake nimeuzoea. Huku kukubali kumeniogopesha.

Nilikuwa nimeanza kuandika haya, akaja akaketi, akanipa mkono wake. Haya, Kiganja, tibu! Nimeufumbata kwa mkono wa kushoto, naandika kwa wa kulia. Vidole vya baridi, kidole gumba kinachezacheza chenyewe. Tumetaniana kidogo. Kisha akauliza taratibu, kama anayeuliza bei ya kitambaa: matone yake ni ya leo au ya jana?

Nikasema chai inapoa. Hakuigusa. Bado mkono ameuacha kwangu, na macho yake yako hapa kwenye kalamu. Anasema nimalize tu kuandika, yeye anasubiri —